Chanzo Bado Hakijajulikana

Irmina mwanangu,

Salamu siandiki, maana tumeamkiana leo asubuhi tukiwa bado ndani ya blanketi moja, na ulinikanyaga mguu ukitafuta kandambili zako. Sasa ni mchana. Umekwenda kijijini Ruanda na Bibi kuwaaga ndugu, Babu yuko shambani, na mama yako amesharudi kazini kwake Chiwanda. Nyumba imetulia. Tranka lako liko hapa mlangoni, jina lako limeandikwa kwa rangi nyeupe ambayo bado inanata, nami nimekaa juu yake kwa sababu tangu jana halikubali kufungika. Nikimaliza barua hii labda litakuwa limekubali.

Nimechoka, Irmina. Kupalilia nimezoea, hakunichoshi hivi. Kuna jambo moja ninalolibeba tangu nikiwa kidato cha tatu, na kesho unakwenda kuanza kidato cha kwanza mahali pale pale nilipolianzia. Kwa mdomo sitaweza kulisema. Unanijua. Hata shikamoo yangu watu huniomba nirudie.

Kesho wenzako watacheka wakisikia unaniita mama mdogo. Waache wacheke. Tumepishana miaka mitano tu, na nguo zangu zinakutosha. Lakini mama yako ni dada yangu, na mtoto wa dada ni mtoto wako. Siku alipokuleta kutoka ziwani ulikuwa na miaka sita na mfuko wa plastiki wenye magauni mawili. Alikusukuma mbele yangu akasema, "Pina, huyu ni wako." Nilikuwa na miaka kumi na moja, naogopa hata kutumwa chumvi dukani. Nilikupokea kwa sababu sikujua namna ya kukataa. Baadaye sikutaka tena kukataa. Ndiyo maana naandika "mwanangu" na mkono wangu hausiti.

Mambo ya ndoo, chandarua, kwanja la kufyekea na kutoazima taulo sitayagusa. Mama yako ameyasema mara tatu na Bibi mara thelathini. Nataka kukueleza kuhusu ile safari ya Songea, mwezi uliopita, na kwa nini nilinyamaza njia nzima kurudi hadi ukaniuliza kama jino linaniuma. Jino halikuwa linauma.

Unakumbuka tulikwenda kununua vitu vya fomu yako ya kujiunga, lakini Babu alikuwa na safari yake ndani ya safari yetu. Alikuwa amesikia kwamba lile jengo la zamani la kuchapia magazeti limegeuzwa makumbusho ya waandishi wa habari. Babu yako husoma hata gazeti lililofungia sabuni, analinyoosha juu ya goti na kusoma habari ambayo nusu yake imebaki dukani. Tulipokuwa tunatoka, Bibi alisimama mlangoni na ungo wake akasema, "Nendeni mkatazame magazeti. Mimi nikitaka gazeti nanunua usipa, nafungiwa samaki na gazeti lao." Mama yako alicheka hadi akakaa chini.

Yule mzee aliyetutembeza, aliyekuwa mpiga chapa, unamkumbuka kuliko mimi, kwa sababu wewe ndiye uliyezungumza naye. Mimi nilikuwa nyuma yenu, karibu na ukuta. Ulishika zile herufi za kuchapia, za madini ya risasi, ukasema, "Shikamoo babu. Mbona zimegeuka?"

"Marahaba. Zimegeuka ili zikifika kwenye karatasi zikae sawa."

"Kwa hiyo ulikuwa unasoma kinyumenyume?"

"Mpaka leo. Mke wangu husema ndiyo maana simwelewi."

Kisha tukaingia kwenye chumba cha picha. Waandishi wa nchi nyingi, wengine wamefungwa, wengine wameuawa, wengine walitoka nyumbani asubuhi na hadi leo hawajulikani walipo. Babu alivua kofia. Wewe ulikuwa unapita na kidole chini ya kila picha, unauliza huyu alifanya nini, na huyu je, na mzee anakujibu kila mara neno moja, "Aliandika." Mwishowe ukamwuliza, "Waliandika nini hasa?" Akasema, "Kilichokuwepo." Nilitazama viatu vyangu. Vilikuwa na matope ya huku kwetu, na sakafu ile ilikuwa safi mno.

Halafu lile gazeti ndani ya kioo, lenye nafasi nyeupe katikati ya ukurasa wa mbele, kubwa kama daftari. Mzee alieleza kwamba habari ilikatazwa ikiwa imekwisha kupangwa, na mhariri akawaambia waondoe herufi zote pale na waache peupe. Ukauliza kwa nini hawakujaza kitu kingine.

"Wengine walijaza," mzee alisema. "Unaweka tangazo la sabuni. Msomaji anakunja gazeti lake akidhani amesoma yote. Peupe panamwambia kwamba hapa kuna kitu kimetolewa. Sabuni haimwambii."

"Mimi ningeacha peupe," ukasema.

Babu akasema, "Mimi ningeandika habari yenyewe." Alisema kwa sauti ya mkutano, kofia kifuani. Hapo ndipo mama yako, ambaye hakuwa na nia mbaya, alipogeuka na kunitafuta. "Mwulizeni Pina. Huyu alikuwa mwandishi wa gazeti la ukutani shuleni."

Mzee akafurahi. "Kumbe mwenzangu. Uliandika nini?"

"Mambo ya shule tu," nikasema.

"Aliandika habari ya maji," Babu akadakia. "Mkuu wa shule aliisoma mbele yetu wazazi. Mkutano mzima ulipiga makofi."

Irmina, kwenye habari ile niliweka sabuni. Sasa nitakueleza.

Shuleni kwako utalikuta gazeti la ukutani nje ya bwalo, chini ya paa, kwenye ubao wenye kunguru wengi juu yake. Ni karatasi za manila zinazoandikwa kwa kalamu ya wino mzito na kubadilishwa kila wiki mbili. Nililipenda kwa sababu ya woga wangu. Darasani nikiinuliwa kujibu swali maneno yalikuwa yanakauka, lakini kwenye manila niliandika na watu wakasoma nikiwa nimesimama nyuma yao na sahani yangu, na hakuna aliyegeuka. Rafiki yangu Sekunda ndiye aliyekuwa mhariri. Yeye alikuwa na sauti, mimi nilikuwa na mwandiko.

Mwezi wa saba, nikiwa kidato cha tatu, maji ya shule yalianza kunuka. Shule inachota mtoni kwa pampu, yanakwenda kwenye tangi, kisha jikoni na bombani. Harufu ilikuwa ya uchachu, kama togwa iliyosahauliwa. Wiki ya pili wasichana wakaanza kuharisha. Bweni letu tu walikuwa tisa. Sekunda aliniambia, "Andika, Pina. Ila usiandike tu kwamba yananuka. Tafuta yanakonukia." Alilisikia neno hilo redioni, kwamba mwandishi hufuata habari hadi kwenye chanzo chake, na alipenda kulisema.

Jumamosi nilipata ruhusa ya kuja nyumbani kuchukua unga. Badala ya kupita barabarani nikapanda na mto. Njia ile ni mbaya, kuna mawe na upupu, na nilichukua muda mrefu. Kadiri nilivyopanda harufu ilizidi. Maji yalikuwa ya rangi ya chai, na kwenye kingo kulikuwa na maganda mekundu ya kahawa yamenasa kwenye nyasi. Nikajua ni mashine ya kumenya kahawa. Lakini ziko mashine nyingi milimani huku, nikawa naomba moyoni iwe ya watu wengine. Nilipita kona ya kwanza, si hapo. Nilipita chini ya shamba la parokia, si hapo. Kisha nikaona mti wa mgunga wenye kengele ya rimu ya gari, nikasimama.

Unaijua kengele hiyo. Babu huigonga kuwaita wakulima wa kikundi chake.

Shimo la majitaka la mashine yetu lilikuwa limebomoka ukuta wa upande wa mtoni. Maji ya maganda yalikuwa yanamwagika moja kwa moja, na mtu alikuwa ameweka jani la mgomba pale palipobomoka, kama anayefunika chungu. Juu nilisikia mashine inazunguka na sauti ya Babu akiwahimiza watu wapange foleni. Yeye ndiye mwenyekiti. Kahawa yetu ilikuwa humo pia, ile uliyochuma wewe siku ya Alhamisi na kulalamika kuhusu siafu. Kahawa hiyo ndiyo iliyoniweka shuleni. Ndiyo iliyonunua tranka nililokalia.

Sikupanda kumwamkia. Nilizunguka kwa juu nikafika nyumbani, nikachukua unga, ukanisindikiza hadi darajani ukiniimbia. Hukujua kitu.

Jumapili niliandika. Niliandika vizuri, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Niliandika harufu, rangi, idadi ya wagonjwa kila bweni, majina ya siku. Nilipofika mahali pa chanzo nilishika kalamu muda mrefu. Sekunda alikuwa anasubiri kubandika, anagonga meza kwa kucha. Nikaandika, "Chanzo cha harufu hiyo bado hakijajulikana." Sekunda akasoma akasema, "Ulipanda na mto?" Nikasema, "Nilipita barabarani." Akasema, "Basi sawa," akabandika.

Mwanangu, nilidhani nimeacha tu sentensi moja nje. Nilidhani kunyamaza ni kama kutoandika, karatasi inabaki kama ilivyokuwa. Sivyo. Nilipoandika chanzo hakijajulikana, kila mtu aliyesoma alianza kukitafuta, na watu wakitafuta hawarudi mikono mitupu. Ndani ya siku tatu shule ilikuwa na chanzo. Chanzo kilikuwa Mama Skola.

Mama Skola alikuwa mpishi wetu mkuu. Alitoka ufukweni mwa ziwa, alikuja kuolewa huku, mume akafa, akabaki. Alikuwa anapika maharage ambayo wasichana walikuwa wanalamba sahani. Alikuwa na mwiko wake mwenyewe, mrefu kama mpini wa jembe. Mtu mmoja akasema ndoo zake za kuchotea hazisuguliwi. Mwingine akasema watu wa ziwani wamezoea kuchota na kunywa, kuchemsha hawajui. Lilianza kama utani wa jikoni, ule wa kila siku wa watu wa mlimani na watu wa ziwani, na yeye mwenyewe alikuwa anaurudisha: "Nyie mnaolima kwenye mashimo ya ngolo mnaujua usafi gani?" Kisha likaacha kuwa utani. Ukafanyika mkutano wa wazazi. Mkuu wa shule akasoma habari yangu kutoka kwenye manila, pamoja na ile sentensi, akasema uongozi umechukua hatua, ndoo zote zimebadilishwa na mpishi amepumzishwa. Wazazi wakapiga makofi. Babu alikuwa kwenye kiti cha mbele.

Ijumaa Mama Skola aliondoka na mwiko wake begani. Tulikuwa kwenye foleni ya uji. Alipita karibu nami akasema, "Haya mwanangu, soma." Alikuwa anawaambia wote hivyo, si mimi peke yangu. Sikujibu hata hilo.

Maji yaliendelea kunuka kwa wiki tano zaidi kwenye ndoo mpya. Msimu wa kahawa ulipokwisha mto ukajisafisha wenyewe, na watu wakasema, mnaona, alikuwa yule mama. Mwaka uliofuata kahawa ilikuwa chache. Harufu ilikuja siku chache ikapita, na hakuna aliyeandika.

Bado kuna jambo moja. Nimeliruka mara mbili kwenye barua hii, nisiliruke mara ya tatu. Tangu siku niliyoona lile jani la mgomba, sikunywa tena maji ya bomba la shule. Nilikuwa najaza chupa kwenye kisima cha kanisani nikipita huko Jumapili, na siku nyingine nilivumilia kwa uji. Sekunda aliyanywa. Alikuwa analala kitanda cha juu yangu, anateremka kunywa kutoka kwenye kopo lililo karibu na kichwa changu, nami nasikia anavyomeza. Alilazwa siku nne. Nilikwenda kumtazama na machungwa.

Sasa rudi nami Songea. Mlipokuwa mnahama kwenda kwenye chumba cha redio, mimi nilibaki mbele ya kioo, na yule mzee akabaki nami. Nafikiri aliona kitu. Hakuniuliza. Aliniita kwenye gazeti jingine, akaweka kioo cha kukuzia kwenye kona ya chini, akasema, "Watu wote wanakwenda kwenye ukurasa wa mbele. Mimi hapa ndipo ninapopapenda." Palikuwa na kichwa kidogo, Masahihisho, na mistari minne chini yake. Walikuwa wamemtaja mtu siye, wakamwomba radhi kwa jina.

"Herufi ndogo sana," nikasema.

"Ndogo, ndiyo. Lakini hakuna habari niliyoipanga polepole kama hiyo."

Kisha wewe ukaja mbio ukanivuta mkono. Ulikuwa umezungumza kwenye kipaza sauti na kusikia sauti yako, na ukasema, "Mama mdogo, nikifika shuleni naingia gazeti la ukutani. Siku ya kwanza. Nitawaambia mimi ni mtoto wa Pina aliyeandika habari ya maji." Ndipo nilipoanza kuumwa jino.

Nimejaribu tangu siku ile. Jumamosi iliyopita, niliposema nakwenda sokoni Mbinga kununua kamba ya tranka, nilikwenda kumtafuta Mama Skola. Nilikuwa nimesikia anauza usipa karibu na geti la nyuma. Amekonda. Nilimwamkia mara mbili ndipo akasikia.

"Marahaba. Mafungu haya ni ya leo, yale ni ya jana, sikudanganyi."

"Mama, mimi ni Pina. Nilikuwa shuleni. Niliandika ile habari ya maji."

Alinitazama, akaendelea kupanga samaki wake. "Enhe."

Nikamweleza. Nilieleza vibaya, nikianzia katikati na kurudi nyuma, na mara mbili wateja walikuja nikanyamaza akawahudumia, akawafungia kwenye gazeti. Nilipomaliza alipangusa mikono.

"Umetembea kutoka kwenu mpaka hapa kuja kuniambia kwamba ndoo zangu zilikuwa safi?"

"Ndiyo, mama."

"Mimi nilijua ndoo zangu zilikuwa safi. Nilizisugua mwenyewe." Alimpa mama aliyeuza jirani naye chenji yake kisha akanirudia. "Wewe unasema unaleta habari, lakini umeileta kwa mtu pekee aliyekuwa nayo. Wasionayo ni wale kule. Wapelekee."

"Naogopa."

"Sasa mimi nifanye nini na woga wako? Niuze?" Yule jirani alicheka. Mama Skola hakucheka. Akachota fungu la usipa, akalifunga, akanipa. Nilitaka kulipa akakataa kwa mkono. Sijui kama alikuwa amenisamehe au alitaka tu niondoke nisizuie wateja. Nilijiuliza njia nzima. Uliula usipa ule, ukasema una mchanga.

Juzi nikamwambia Babu. Tulikuwa tunapalilia, yeye mstari wake na mimi wangu, na nilisubiri hadi tukapeana migongo. Nikasema, "Baba, ile habari ya maji. Nilipanda na mto. Niliona shimo."

Jembe lake lilisimama. Kisha likaendelea, mapigo matatu au manne. Akasema bila kugeuka, "Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Nilijua shimo limebomoka. Tulisema tutajenga msimu ukiisha. Msimu ulipoisha maji yalikuwa safi, watu wakasema kuna haraka gani." Akang'oa gugu moja kwa mkono. "Na kwenye mkutano, mkuu alipoisoma ile sentensi yako, nilijua umeona. Mtoto anayeandika kila kitu mpaka rangi ya maji, halafu hajui yanatoka wapi. Nilijua umeniandikia mimi."

"Lakini ulipiga makofi."

"Nilipiga," akasema. "Wote walikuwa wanapiga."

Alimaliza mstari wake akaenda kuosha jembe, na tangu hapo hajanisemesha zaidi ya "pokea" na "weka hapo." Ulidhani amenuna kwa sababu unaondoka. Ameinunia sentensi yangu, au ameyanunia makofi yake, sijui. Yeye ndiye aliyenifundisha kusoma, Irmina, kwa magazeti ya sabuni, kidole chake juu ya kidole changu. Nimempenda nikiwa namwona mkubwa. Sasa namwona ana ukubwa wangu, na inanichosha zaidi kumpenda hivi, lakini nampenda.

Sikuambii haya ili usiandike. Bibi amekuambia ukifika uwe mpole, usiwe mdomo mbele, na nilipomsikia nilitaka kumuunga mkono. Ningekuambia ukae kimya, uitwe mtoto mzuri, kama nilivyoitwa mimi. Miaka yote watu wamenisifu kwa upole nami nimeuvaa. Lakini sehemu kubwa ya upole wangu ilikuwa woga, na woga huo ulimfukuzisha mama wa watu kazi. Wewe unauliza. Ulimwuliza yule mzee maswali kumi na mawili, nilihesabu. Sitaki urudi hapa Desemba ukiwa na maswali mawili.

Nilichofanya ni hiki. Leo asubuhi, ulipokuwa unaoga, nimeandika Masahihisho kwenye nusu ya manila. Nimeandika kwamba maji ya mwaka ule yalichafuliwa na majitaka ya mashine ya kumenya kahawa ya kikundi chetu, kwamba mwandishi aliona kwa macho yake na akaficha, na kwamba Mama Skola hakuwa na kosa. Nimemwomba radhi kwa jina. Nimeandika kwamba ukuta wa shimo hadi leo haujajengwa. Chini nimeweka jina langu lote. Manila hiyo sijaiweka ndani ya tranka lako, usiitafute. Si kazi yako kuibandika. Kesho tukishakabidhi vitu vyako kwa matroni nitakwenda ofisini kwa mkuu wa shule niiseme kwa mdomo, hata kama itabidi niirudie, kisha nitaomba niibandike mwenyewe. Wakikataa, nitakuwa nimeisema. Huenda wasichana watakuonyesha kidole kwa wiki kadhaa kwa ajili ya ukoo wako. Hilo nakuomba msamaha sasa, kabla halijafika. Na ukisema wewe ni mtoto wa Pina aliyeandika habari ya maji, utakuwa unasema habari nzima.

Nilipofika hapa Babu aliingia kutoka shambani. Nimeinuka kumpisha na tranka limefunguka tena. Aliiona manila imekunjwa mezani, akaisoma akiwa amesimama, kofia kichwani. Alisoma kwa muda mrefu, kama anavyosoma vipande vyake.

"Umeandika kikundi," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Kikundi kina watu wengi. Nani atajulikana hapo?"

Nilidhani anataka nilifute hata hilo. Alivuta stuli akakaa, akanisogezea kalamu.

"Weka jina langu," akasema. "Weka na cheo."

Nimeandika. Mkono wake ulikuwa mezani karibu na wangu, na nilipomaliza kuandika Mwenyekiti alisema herufi ya mwisho haisomeki, nikairudia. Kisha akachukua koleo akatoka. Nimechungulia dirishani. Hajaelekea shambani, ameteremka njia ya mashine. Mtu mmoja na koleo hajengi ukuta kwa jioni moja, na sitakuambia kwamba amejenga. Nakuambia ameelekea huko.

Nawasikia sasa, wewe na Bibi, mko kwenye kilima mnabishana kuhusu kuku. Nitafunga barua hii na kuiweka chini kabisa, chini ya shuka, uikute kesho usiku ukitandika kitanda.

Maji ya Januari ni mazuri, mwanangu, kunywa bila wasiwasi. Ila mwezi wa saba, ukisikia ile harufu, usisubiri mtu akutume. Omba ruhusa, vaa viatu vigumu, panda na mto. Usisimame kwenye kona ya kwanza kwa sababu umechoka. Nenda hadi mwisho, kisha uandike ulikofika, hata kama mto utakuwa umekufikisha nyumbani kwetu.

Ni mimi, mama yako mdogo,
Pina